Nati Tisa za Morris

Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka aliniomba niandike habari za ualimu, maana nimeshika chaki muda mrefu kuliko nilivyoshika kitu kingine chochote. Nikamwitikia inshaallah. Lakini kila nilipokaa kuandika habari za ualimu, kalamu ilikwenda upande mwingine, upande wa banda la nyuma ya nyumba yangu hapa Portsmouth, lilimo lile gari la Morris Minor la mwaka 1967 ambalo wengi wenu mmelipanda mlipokuwa watoto, na baadhi yenu mmelitapikia. Nimeona bora niandike linalokuja kuliko kungojea lisilokuja. Watakaochoka na habari za nati na spana waruke kurasa, hakuna lawama. Walakini jamaa wa upande wa mke wangu nawaomba wasome mpaka mwisho, kwani humu mna deni lao.

Mwezi wa Septemba mwaka 2024 binti wa shemeji yangu, yule anayesomea uinjinia, alikuja kukaa kwetu kwa wiki tatu kabla ya chuo kufunguliwa. Siku ya pili yake akaniambia, "Mwalimu, lile gari lako litaoza bure. Nipe mimi." Nikamjibu kwamba gari lake tokea leo, lakini injini tutaifungua pamoja. Akacheka, akadhani mzee anataka kumsimamia. Hakujua kwamba ninayetaka kumsimamia ni mimi mwenyewe.

Alipokuwa akitafuta spana katika rafu akalikuta kopo la biskuti. Ndani yake mna stadi mbili zilizofungwa katika gazeti la mwaka 1986. (Kwa asiyejua: stadi ni ule mti wa chuma wenye hesi ncha zote mbili, ncha moja huingia katika bloki ya injini na nyingine hutokeza juu ikapokea nati. Kwa Kiswahili neno hili lina maana pia ya mtu hodari wa kazi, na kwa kweli mwenye kuzifunga hapo zamani hakuwa stadi hata kidogo.) Binti akachukua nati mpya, akaanza kuizungusha kwa vidole juu ya ile stadi. Nati ikaenda vizuri, ikaenda, kisha katikati ya hesi ikagoma. Akairudisha, akajaribu stadi ya pili. Mambo yale yale. Akaziinua kwenye mwanga.

"Hizi zimevutwa mpaka zimerefuka, Mwalimu. Hesi zimeachana. Nani alizikaza hivi? Na unaziweka za nini?"

Nikamwambia tule kwanza, halafu nitamweleza. Sikumweleza siku ile.

Basi sasa naeleza. Mimi si fundi. Nilisoma chuoni kwetu Unguja mpaka nikakhitimu, nikaingia skuli ya sekondari, nikafundisha miaka mitatu, na mwaka 1983 nikaja huku. Fundi wa nyumba yetu alikuwa marehemu baba, aliyeendesha lori la mtu na kulitengeneza mwenyewe kwa spana alizozirithi. Yeye alikaza kwa mkono na sikio. Akisema, "Kaza mpaka chuma kiseme," na kweli mimi mtoto nilikuwa nikisikia kile chuma kikisema. Mkono wa baba ulikuwa umekaza nati kwa miaka 30. Mimi niliurithi ule usemi bila ya mkono wenyewe, na sikujua kuwa hivyo ni vitu viwili mbali mbali.

Mwaka 1985 nikanunua hili Morris, na sababu kubwa ilikuwa kwamba Morris nilizikumbuka katika njia za utotoni. Lilikuwa gari la watu wa kawaida. Alilichora Alec Issigonis, yule aliyekuja kuchora Mini. Lilianza kuuzwa mwaka 1948, likaachwa kutengenezwa mwaka 1971, na yalitoka zaidi ya milioni moja na laki sita. Langu lina injini ya sentimita 1098, silinda nne, na juu ya bloki yake kuna stadi tisa, unene wa kila moja inchi 3/8. Stadi tisa hizo na nati zake ndizo zinazokishikilia kile kipande kikubwa cha chuma tunachokiita silinda hedi, na baina ya hedi na bloki mna gasketi nyembamba. Moto wa petroli uko upande mmoja wa gasketi ile, maji ya kupooza injini yako upande wa pili, na kinachovizuia visikutane ni mbano wa nati tisa tu.

Mwezi wa Januari 1986 gasketi ilianza kuvuja. Nikaifungua injini siku ya Jumamosi nje ya nyumba. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kiingereza, fundi mitambo aliyefanya kazi maisha yake yote katika bandari ya manowari ya hapa Portsmouth, naye alikuwa miongoni mwa maelfu waliopunguzwa kazi pale bandari ile ilipopunguziwa hadhi mwaka 1984. Akaja kuegemea ukuta, akatazama. Akauliza nina spana ya kipimo? Spana hiyo ni ile yenye mpini mrefu unaokuonyesha nguvu unayoitia kwenye nati. Nikamwambia sina. Akasema usiifunge mpaka nikuletee yangu, nimemwazima mtoto wangu, itarudi Jumatano. Nikamshukuru, na moyoni nikasema, baba hakuwa na spana ya kipimo.

Alfajiri ya Jumanne ikaja simu kutoka Birmingham. Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, amefariki dunia nyumbani kwa mwanawe mkubwa. Karatasi zilikwisha siku ile ile. Ataoshwa Jumatano saa nne na nusu asubuhi, atasaliwa saa saba mchana, azikwe. Mke wangu alikuwa bintiye wa pekee. Ilikuwa ni juu yake kumuosha mama yake, na mama mwenyewe alikuwa amemwambia hivyo zamani, kama mama zetu wanavyosema, nusu kwa mzaha na nusu kwa wasia. Shemeji yangu mdogo, ambaye ndiye baba wa huyu binti, alikuwa akikaa kwetu, umri wake miaka 20.

Shemeji akasema twende kwa treni ya jioni. Mimi nikasema nauli ya watu watatu na mtoto ni pesa nyingi. Gari litakuwa tayari usiku huu, tutaondoka baada ya sala ya alfajiri na saa nne na nusu tutakuwa mlangoni. Nilisema kwa sauti ya mwalimu. Wakanyamaza.

Nikafunga ile hedi usiku, kwa taa ya mkono, mvua ya manyunyu, vidole vimekufa kwa baridi. Nitaeleza nilivyofanya, na wenye ujuzi wa kazi hii mniwie radhi. Stadi mbili zilitoka pamoja na nati zake wakati wa kufungua. Nikazirudisha na kuzikaza ndani ya bloki kwa spana, kwa nguvu zangu zote, nikidhani ndivyo zitakavyoshika. Mashimo yake sikuyakausha. Mlikuwa na maji na oili. Hesi nilizifuta kwa kitambaa tu, na kutu ilikuwamo. Kisha nikaanza kukaza nati moja moja mpaka mwisho, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu asomaye mstari wa Kiarabu. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka, nikavisha bomba la futi mbili katika spana.

Katika nati ya nyuma nilihisi jambo. Ilikuwa inakaza, inakaza, halafu ikawa laini kidogo, kama mtu anayevuta kamba na kamba ikampa. Nikasimama. Nilijua kwamba kuna kitu si sawa. Nikaongeza robo mzunguko, ikashika tena, nikajiambia alhamdulillahi, chuma kimesema. Nikaingia ndani kuosha mikono.

Hesabu yake ni ndogo, mtoto wa darasa la saba anaiweza. Kitabu cha gari hili kinataka nati zile zikazwe ratili 40 kwa futi, yaani uvute mpini wa futi moja kwa uzito wa ratili 40. Ukivuta kwa uzito ule ule katika bomba la futi mbili umekwisha tia 80. Chuma cha stadi ni kama mpira mgumu sana: ukikivuta kwa kadiri yake kinarefuka kidogo mno, kisha kinataka kurudi, na huko kutaka kurudi ndiko kunakoibana hedi. Ukikipitisha kadiri, kinarefuka na hakirudi, na ndiyo ile laini niliyoihisi. Tangu hapo stadi ile ni pambo tu.

Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu, giza bado. Njia ya siku zile ilikuwa A34, kupitia Winchester na Newbury. Ukiishaipita Newbury barabara inapanda vilima kuelekea Ilsley, na hapo, saa mbili na nusu, mshale wa joto ukapanda na moshi mweupe ukajaa nyuma yetu. Nikasimama pembeni. Maji ya rejeta yalikuwa yakichemka yakitoa mapovu, maana moto wa silinda ulikuwa umekwisha pata njia ya kuingia katika maji.

Wengi wenu mnaikumbuka habari hii kama habari ya gari bovu. Miaka yote hii imesimuliwa hivyo, nami nimeiacha isimuliwe hivyo. Tulisema gari la zamani, baridi kali, qadar. Hakuna aliyeniuliza nani alifunga injini, na mimi sikusema.

Na si hilo tu. Tulipokwama, shemeji alisema, "Mwalimu, niombe msaada, tupelekwe stesheni." Stesheni ya Didcot haikuwa mbali. Nikamjibu ngoja ipoe, nitatia maji, tutafika. Ikapoa, nikatia maji, tukaenda nusu maili, ikachemka. Tukangoja tena. Nikatia maji ya kunywa ya mtoto. Tukaenda chini ya hapo. Hivyo hivyo mpaka saa nne na nusu, saa ile ile ambayo mama alikuwa akioshwa na wanawake wengine. Mke wangu alikaa kiti cha mbele, mtoto mapajani, hakusema neno. Mwisho shemeji akashuka bila ya kuniaga, akaenda kwa miguu kutafuta simu. Lori likaja kutuvuta, tukafikishwa Didcot kwenye saa sita, na Birmingham tukafika nyumbani kwa watu wamekwisha rudi makaburini, wanakula.

Shemeji hakusema nami, ila salamu, kwa muda wa miaka miwili.

Sasa nirudi kwa yule mzee jirani, kwa sababu alinifundisha zaidi ya walimu wangu wengi, na hakuwa na cheti cha ualimu. Gari liliporudishwa alikuja na spana yake, hakuuliza neno, akaanza kufungua. Jambo la kwanza alilonionyesha ni kwamba nati nne kati ya zile tisa zinashika pia mtambo wa roka unaosukuma valvu, na tano ziko nje ya kifuniko. Kwa hiyo mtu akidhani anafungua roka tu, bila ya kumwaga maji na bila ya kulegeza nati zote, hedi inabaki imebanwa upande mmoja, inaweza kupinda, na maji yakapata njia ya kuingia katika silinda na katika oili. Tukamwaga maji. Tukalegeza nati zote kidogo kidogo, kwa zamu, injini baridi.

Stadi alizitoa kwa ujanja nilioupenda sana: unavisha nati mbili juu ya stadi moja, unazibana zenyewe kwa zenyewe, kisha unaizungusha ile ya chini, na stadi nzima inatoka. Akaziweka zangu mbili mezani na kuzungushia nati, kama binti alivyofanya miaka 38 baadaye. Ikagoma pale pale. Akanitazama, kisha akatazama bomba langu la futi mbili lililokuwa limeegemea ukuta. Akasema polepole, "Mkono wako una nguvu." Sijasikia tusi la adabu kama lile.

Halafu akanionyesha uso wa bloki. Mahali nilipozikaza stadi kwa spana, chuma kilikuwa kimeinuka kuzunguka mdomo wa shimo, kama udongo unavyoinuka kuzunguka tundu la kaa ufukweni. Stadi haikazwi ndani ya bloki. Hili nililiandika katika daftari na kulipigia mstari. Stadi huingizwa kwa vidole mpaka ikae, basi. Ukiilazimisha, pale hesi zinapokwisha mti wenyewe unabana mdomo wa shimo na kuuinua. Au ncha inafika chini na kusukuma. Kinachoishika stadi si ule mkazo wa chini, ni mvuto wa nati ya juu ukiishaikaza. Na hii ndiyo faida yake juu ya bolti: bolti huzunguka ndani ya chuma cha bloki kila ukiikaza na kila ukiifungua, na inavutwa huku inasokotwa, stadi imetulia katika bloki, kinachozunguka ni nati peke yake, na hesi za bloki hazichakai.

Ule mwinuko aliuondoa kwa mkono, akapanua kidogo mdomo wa shimo ili hesi ya kwanza ianzie chini ya uso. Akaweka rula ya chuma juu ya bloki, kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe, taa nyuma yake, kutazama kama mwanga unapita. Akayasafisha mashimo mpaka chini na kuyakausha kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti. Nikamwuliza kwani tone la oili lina dhara gani? Akaniambia oili na maji havibanwi vikawa vidogo. Stadi ikishuka katika shimo lisilotoboka lenye oili chini, oili haina pa kwenda. Ama itakudanganya kwamba stadi imekaa kumbe imeegemea oili, ama itaipasua bloki.

Lililonistaajabisha kuliko yote ni habari ya msuguano. Nilikuwa nikidhani nguvu ninayotia yote inakwenda kuvuta stadi. Kumbe takriban nusu yake inapotea chini ya nati, inaposuguana na washa. Na sehemu nne katika kumi inapotea katika hesi. Inayobaki kuvuta stadi ni kiasi cha moja katika kumi. Sasa fikirini: hesi moja ikiwa na kutu na ya pili safi, spana itakuonyesha 40 kwa zote mbili, lakini moja imevutwa sawasawa na nyingine haikuvutwa ila jina. Ndiyo maana hesi husafishwa zote namna moja, washa zikawa bapa na safi, na mafuta yakapakwa sawa kwa nati zote au yasipakwe kwa yoyote, kwa mujibu wa kitabu kinavyotaka. Spana ya kipimo inapima mkono wako. Haijui kilichomo chini ya nati.

Baada ya hapo ikaja kazi yenyewe, nayo ni fupi. Gasketi ya shaba imeandikwa upande wa juu na upande wa mbele. Unasoma na kutii. Nati zote kwa vidole kwanza. Kisha unaanza ya katikati, unatoka nje ukizunguka, huku na huku, zote kwa 15. Unarudi katikati, zote kwa 30. Unarudi tena, zote kwa 40. Mpini unavutwa taratibu bila ya kukurupusha, na kipimo kikifika unasimama, huongezi ya baraka. Hapo nilimwambia mzee kwamba kwetu mtu anayewamba ngoma hufanya hivyo hivyo, hukaza kigingi hiki kisha kile cha ng'ambo, asije akaivuta ngozi ikaenda upande. Nikamtafsiria na methali yetu, kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Akasema ndiyo, hivyo ndivyo ulivyoifunga hedi yako.

Mzee yule alifariki mwaka 1997. Mwanawe aliniletea ile spana ya kipimo katika sanduku lake la mbao. Mwaka uliofuata nikaliingiza gari bandani, na likabaki humo.

Haya yote nilimfundisha binti mwaka juzi yale, au niseme tulifundishana, maana yeye alikuwa na mambo ambayo mzee hakuyajua. Kwa mfano gasketi za zamani zilikuwa na asbesto ndani, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Sisi tulikuwa tukizikwangua kavu kavu na kupuliza vumbi kwa midomo. Binti aliilowesha kwa maji, akavaa kinyago, akaifunga katika mfuko. Pia aliipeleka hedi kwa fundi wa mashine ikatiwa viti vigumu vya valvu za moshi, kwa sababu petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa ikivilinda viti vile, iliondolewa vituoni kuanzia mwaka 2000. Na aliipeleka spana ya mzee kupimwa, jambo ambalo mimi halikunipitia akilini. Ilikuwa imepungua kidogo, wakairekebisha. Stadi tulinunua tisa mpya, na nati na washa zake.

Alizishusha kwa vidole. Nilimwona anaifikisha ya nyuma, mkono wake unaikaribia spana, kisha akauondoa. Nilitoka nje kidogo nikavute pumzi.

Akakaza mara tatu kwa utaratibu ule. Nati ndogo za roka kwa 25. Nafasi za valvu sehemu 12 katika 1000 za inchi, injini baridi. Ilipowaka alipiga kelele mpaka jirani wa sasa akafungua dirisha.

Usiku ule ndipo nilipomweleza zile stadi za koponi ni za nini. Alisikiliza. Akauliza swali moja tu: "Shangazi anajua?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi sikuusikia mimi kwanza, Mwalimu. Kamwambie yeye."

Nilichelewa. Ilinichukua majira ya baridi yote. Mwisho nilimwandikia karatasi, hii mnayoisoma, mpaka hapa, nikamsomea jikoni. Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. Nilipofika pale pa nati ya nyuma hakuinua uso. Nilipofika pale tulipowakuta watu wanakula, akanisahihisha: "Walikuwa hawajaanza kula. Walikuwa wanatungoja." Nikalipokea sahihisho, nami naliandika hapa ili kitabu kisiwe na uongo.

Kisha akasema, "Ile nati mimi niliijua tangu siku ile. Uliingia ndani usiku na uso wa mtoto aliyevunja kikombe. Nati si kitu, mtu hukosea. Ni yale masaa mawili. Kaka alikwambia stesheni. Ungetufikisha stesheni saa ile, kumuosha nisingewahi, lakini ningemwona uso. Na yeye angemsalia na kumbeba mama yake."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwuliza kama haya yachapishwe. Akasema yachapishwe, mradi kwanza nimpigie ndugu yake.

Nikampigia. Shemeji yangu sasa ni mtu mzima wa miaka karibu 60, moyo wake si mzuri kama mjuavyo, na haongei sana katika simu. Nikamweleza yote, nati na masaa. Kimya kilikuwa kirefu hata nikadhani simu imekatika. Akaniuliza nati ya ngapi. Nikamwambia ya nyuma kabisa. Akauliza binti yake ameikaza kwa kiasi gani. Nikamwambia 40, kwa spana ya kipimo, kwa hatua tatu. Akauliza je, imekwisha kazi? Nikamwambia bado, gasketi ya namna ile hukaa chini kidogo ikiishapata joto, kwa hiyo baada ya maili 500 hufunguliwa kifuniko, injini ikiwa baridi, kila nati ikalegezwa kidogo kwa zamu yake na kurudishwa kwenye 40, kisha valvu zikapimwa upya.

"Zimefika ngapi?"

"Mia tatu na arubaini."

"Birmingham kuja na kurudi ni ngapi?"

Nikamwambia kiasi cha 280.

"Basi mje nalo," akasema. "Njooni na spana. Mtalala hapa, injini ipoe usiku, na asubuhi ile ya nyuma nitaikaza mimi."

Tutakwenda Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Aprili, inshaallah, kwa njia ile ile ya Newbury. Mke wangu atakaa mbele. Binti ataendesha, na namba ya stesheni ya teksi ya Didcot iko katika mfuko wangu wa shati.